Gemu Zilizolala kwenye Diski za Bigo

Diski ngumu ya gigabaiti 500 hubeba gemu mia moja za PlayStation 2, hata kama kila moja ingejaza DVD yake yote ya gigabaiti 4.7. Kadi ya simu ya gigabaiti 64 nayo humeza gemu 30 na ushei za PSP, kwa kuwa kisahani cha PSP hakikuzidi gigabaiti 1.8. Vitu hivyo viwili vinaingia katika mfuko mmoja wa koti, na mwenye navyo katika mtaa wa Bigo, mjini Bunia, jimbo la Ituri nchini Kongo, anatembea na kazi ya maelfu ya wachoraji, wanamuziki na waandishi wa Japani, Marekani na Ulaya. Tuseme kila gemu ya diski ile inataka saa 20 ili iishe. Akicheza saa mbili kila siku, bila kukosa umeme, bila mtihani, bila msiba wala mgeni, atahitaji siku elfu moja. Hakuna mtu Bunia mwenye siku elfu moja za namna hiyo.

Kwa hiyo gemu zinalala. Hilo peke yake si la ajabu, kwani hata Ulaya na Marekani watu wanalalamika kila mwaka kwamba wana gemu nyingi ambazo hawajazigusa. Ninalotaka kulichambua ni kwamba zetu zinalala kwa sababu nyingine na kwa namna nyingine, na ushauri uliotungwa kwa ajili ya wenzetu, tukiuchukua ulivyo, hautufikishi popote.

Tuanze na kwao. Steam, duka la gemu za kompyuta la kampuni ya Valve, lilifunguliwa Septemba 2003. Mwezi huohuo hapa Bunia, wanajeshi wa Ulaya wa Operesheni Artemis, walioingia Juni, walikuwa wamewakabidhi mji wenzao wa MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa, na watu waliokimbia walikuwa wakirudi kidogokidogo kuangalia kama nyumba zao bado zina mabati. Nyumba nyingi zilikuwa zimeporwa kila kitu kinachobebeka. Naviweka viwili hivi pamoja kwa sababu vinaonyesha tulikoanzia: wakati wenzetu wanajifunza kununua gemu bila hata kushika kisahani, sisi tulikuwa tunatafuta sufuria.

Baada ya hapo mambo yao yalikwenda kasi. Steam ilizoesha watu mauzo ya msimu ambapo gemu huuzwa kwa robo ya bei. Mwaka 2010 ikaja Humble Bundle, iliyoanza kwa kuuza gemu nyingi kwa mkupuo kwa bei anayoitaja mnunuzi mwenyewe. Mwaka 2017 Microsoft ikaanzisha Game Pass, maktaba ya gemu kwa ada ya mwezi, na kuanzia mwisho wa 2018 duka la Epic likaanza kugawa gemu bure. Mwaka 2014 jarida la Ars Technica lilikadiria kwamba zaidi ya theluthi moja ya gemu zote zilizosajiliwa kwenye akaunti za Steam hazikuwahi kufunguliwa hata mara moja. Mwaka 2024 peke yake, gemu mpya zaidi ya 18,000 ziliingia kwenye duka hilo. Mtu aliyeko katika bahari hiyo anashauriwa kuacha kununua, kupanga gemu kwa urefu wa saa, kumaliza moja kabla ya kufungua nyingine, na kuiacha bila aibu ile isiyompendeza. Ni ushauri mzuri. Lakini unamdhania msomaji wake kuwa ni mnunuzi, mwenye umeme usiokatika, chumba chake, televisheni yake, na lugha ya gemu kichwani.

Bigo mtu hanunui gemu kwa maana hiyo. Gemu inanakiliwa. Inatoka kwenye kompyuta ya kibanda kinachoweka nyimbo na filamu kwenye flashi, inatoka kwa binamu aliyerudi kutoka Kampala, inatoka simu moja kwenda nyingine kwa programu ya Xender bila kutumia hata mega moja ya intaneti. Konsoli zenyewe hufika zikiwa zimeshatumika, kwa njia zilezile zinazoleta vitu vingine vyote Bunia: Mahagi, Aru, au Kasenyi kwa kuvuka Ziwa Albert. Nyingi zimeshatiwa chipu, au zimewekewa programu ya kusoma gemu kutoka kwenye flashi, kwa sababu jicho la leza la PlayStation 2 ni kitu dhaifu na vumbi la kiangazi letu halina huruma.

Kabla ya mtu kutulaumu, aangalie mlango wa mbele ulivyo. Mei 2024 Sony ilitaka kila anayecheza Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti ya PlayStation Network. Gemu ikaondolewa sokoni kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170 ambazo mtandao huo hauzihudumii, na Kongo ilikuwa mojawapo. Sharti liliondolewa siku chache baadaye kwa makelele ya wachezaji, lakini orodha ile ya nchi iliweka wazi jambo tulilolijua: kwa kampuni kubwa, mtu wa Ituri mwenye dola zake mkononi hayumo katika hesabu. Hata hivyo sisemi kwamba kunakili hakuna mwenye kuumia. Kongo ina sheria ya haki za waandishi na wasanii tangu 1986, na anayeinakili kazi ya studio ya Kiafrika anampiga mtu wa jirani. Aurion, iliyotoka 2016, ilitengenezwa Yaoundé na Kiro'o Games kwa miaka ya kuhangaika na umeme na fedha ambayo mtu wa Bunia angeitambua mara moja. Gemu kama hiyo inunuliwe, hata kama ni kwa kuchangiana watu watano.

Kunakili huku ndiko kunakozaa mrundikano wetu, na mantiki yake ni kinyume cha ile ya Steam. Mnunuzi wa Steam anajaza rafu kwa sababu vitu ni vingi na bei imeshuka. Kijana wa Bigo anajaza diski kwa sababu hajui kama nafasi itarudi. Mwenye diski yenye gemu nzuri amekuja kwa wiki moja, kesho kutwa anakwenda Beni au Kisangani, na baada ya hapo huenda usimwone tena. Hapo huchagui. Unanakili folda nzima, na gemu ambazo hata jina lake huwezi kulisoma, maana zimeandikwa kwa Kijapani. Akiba haiozi, wanasema wazee, na mtu aliyekulia katika mji uliowahi kuporwa ana sababu ya kulishika neno hilo kwa mikono miwili. Wingi wa gemu katika diski yake ni kipimo cha uhaba alioupitia.

Na katika jambo hili wazee wako sahihi kuliko wataalamu wa kupanga rafu. Julai 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena madukani kwa njia halali. Machi 2024 Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu ya magari ya 2014, na watu walioilipia wakabaki na kitu kisichofunguka. Diski ya Bigo haizimwi na mtu wa Paris. Gemu iliyonakiliwa 2012 inafunguka leo kama ilivyofunguka siku ile, mradi flashi ni nzima. Kwa hiyo anayemwambia kijana afute kila asichocheza anampa ushauri wa mtu aliyezoea kwamba vitu hurudi.

Tabu iko mahali pengine. Ukichunguza kwa makini, gemu nyingi za diski zetu hazikosi kuguswa kama zile za Steam. Zimeguswa. Zimeanzwa mara tatu, mara nne, na kila mara zimeishia karibu na mahali palepale. Wapo wanaoijua sura ya kwanza ya God of War kwa moyo, joka la majini na meli zinazovunjika, na hawajawahi kuiona Athene. Wapo wanaojua kila uchochoro wa mtaa wa Grove katika GTA San Andreas na hawajafika San Fierro. Mrundikano wa Bigo ni wa gemu zilizokatizwa, na aliyezikatiza mara nyingi ni umeme.

Hapa inafaa kutulia kidogo na kufanya hesabu, kwa sababu watu wengi hulaumu uvivu wao pasipo sababu. Takriban mtu mmoja kati ya watano nchini Kongo ndiye mwenye umeme, na Bunia, hata kwenye nyumba zilizounganishwa, waya hauna ahadi. Familia zinazojiweza hujiongezea sola na betri. Chukua betri ya risasi ya volti 12 na saa-ampea 100: kwa karatasi ina wati-saa 1,200, lakini ukiimaliza zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua, na inveta nayo inakula sehemu yake. Unabaki na kama wati-saa 500 za kweli. PlayStation 2 ndogo haili zaidi ya wati 25 au 30, na televisheni bapa ya inchi 32 huongeza kama 50. Hapo una saa sita na ushei. Ukiweka PlayStation 5, inayokula kama wati 200 gemu ikiwa imepamba moto, saa zinashuka hadi mbili, na usiku huo taa za nyumba na simu za watu hazijahesabiwa. Mtu mwenye konsoli mpya zaidi mtaani ndiye mwenye muda mchache zaidi wa kuicheza.

Lakini hata saa sita hazitoshi kama hujui zitakatika lini. Gemu za PlayStation 2 zilitungwa na watu ambao hawakuwazia kwamba umeme unaweza kuondoka katikati ya sentensi. Zinakuruhusu kusevu mahali palipopangwa tu. San Andreas inataka ukamilishe kazi uliyopewa, uendeshe gari hadi nyumba ya kulala, uingie, usimame juu ya alama. Resident Evil 4 inataka uifikie taipureta. Final Fantasy X ina duara zake za mwanga, na kati ya duara moja na nyingine yanaweza kupita mazungumzo marefu na pambano gumu ambalo ukilipoteza unarudi nyuma kote. Umeme ukikatika dakika moja kabla, saa nzima imekwenda. Mtu anavumilia mara ya kwanza. Mara ya pili anauma meno. Mara ya tatu anafungua gemu ya mpira.

Ndiyo sababu naona kwamba kipimo ambacho dunia nzima inakitumia, yaani gemu ina saa ngapi kwa jumla, hapa kinapotosha. Kuna tovuti inayokusanya urefu wa gemu kutoka kwa wachezaji, HowLongToBeat, na itakuambia kwamba hadithi kuu ya San Andreas inachukua kama saa 30 na ya The Witcher 3 kama saa 50. Ni taarifa ya kweli isiyotusaidia sana. Gemu ya saa 50 inayokubali kusevu wakati wowote inamalizika Bunia. Gemu ya saa 8 inayokuachia dakika 50 kati ya sehemu moja ya kusevu na nyingine haimaliziki, au inamalizwa na mtu mwenye jenereta na mafuta. Urefu wa kuangaliwa ni ule wa kutoka sevu hadi sevu, uulinganishe na muda ambao umeme wa nyumba yako hukaa bila kutetereka.

Ukiipanga diski kwa kipimo hicho, sura yake inabadilika kabisa. Gemu za PSP zinapanda juu, kwa sababu PPSSPP, programu aliyoitoa Henrik Rydgård wa Sweden mwaka 2012, inaicheza gemu ya PSP kwenye simu ya kawaida ya Android na inaweza kuigandisha popote: katikati ya pambano, katikati ya kuruka. Unafunga, unaitika wito wa mama, unarudi baada ya siku mbili, mhusika wako bado yuko hewani. Juu ya hapo simu ina betri yake, na inakula wati chache tu ambazo hata kipande kidogo cha sola kinazirudisha. Ukiwauliza vijana wa mtaani ni gemu gani ya hadithi wameimaliza hadi majina ya watengenezaji yakapita, mara nyingi watakutajia ya simu. Hawakuipenda kuliko ya konsoli. Ilikuwa na subira nao.

Kompyuta ya kupakata ina faida hiyohiyo ya betri, na kuna programu za namna hiyo (emuleta) za PlayStation 2 zinazogandisha vilevile, ila zinataka mashine yenye nguvu. Kwa wenye konsoli yenyewe, jambo la kiufundi ambalo vibanda vingi havilisemi ni hili: tundu la USB la PlayStation 2 ni la kizazi cha kwanza, la polepole, kwa hiyo gemu inayosomwa kutoka kwenye flashi hukwama kwenye sehemu za filamu, na wengine huzima wakidhani nakala ni mbovu. Gemu ni nzima. Konsoli ya zamani, ile nene, ina nafasi ya diski ngumu ndani, na hapo mwendo unakuwa wa kawaida. Nimeona gemu nzuri zikifutwa kwa sababu hiyo tu, na ni hasara.

Kuna mlaji mwingine wa muda ambaye lazima nimtaje kwa heshima, kwa sababu yeye ndiye aliyewafundisha wengi wetu kushika pedi: mpira. Ukumbi wa gemu unaishi kwa mechi. Mwenye ukumbi anauza dakika kumi, anayefungwa anaachia pedi, anayesubiri anakaa. Gemu ya hadithi haiingii katika biashara hiyo. Nani atamkodishia mtoto konsoli kwa saa 30, na ile kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8, ambayo wote wanaitumia, itamlindia nani sevu yake? Kwa hiyo ukumbi ulichagua mpira, na mpira ukatuchagua sisi. Pro Evolution Soccer 2014, iliyotoka mwishoni mwa 2013, ilikuwa miongoni mwa gemu za mwisho kabisa kutengenezewa PlayStation 2, konsoli iliyouzwa zaidi ya milioni 155 duniani. Kampuni iliondoka, lakini wapenzi wameendelea kuzibadilisha jezi na majina kila msimu kwa mikono yao, na toleo la zamani linapewa wachezaji wa leo. Gemu ya namna hiyo haina mwisho. Kila ukiifungua inakupa kitu kamili ndani ya dakika kumi, na umeme ukikatika umepoteza mechi moja.

Siwezi kuulaumu mpira kwa hilo. Ukumbini watoto wa Bigo wamekutana na wa mitaa ya Lumumba na Mudzi Pela katika miaka ambayo watu wazima wao hawakutazamana vizuri, na neno lililosikika zaidi lilikuwa "Yaya, niongezee dakika mbili." Lakini mazoea yana uzito. Mtu aliyejifunza kwamba gemu ni dakika kumi na mshindi, akikaa mbele ya hadithi inayoanza kwa nusu saa ya maelezo, anahisi amedhulumiwa. Anaizima na kusema ni mbaya. Sehemu ya diski yake inalala kwa sababu hiyo, na umeme hauhusiki.

Na maelezo yale ameyaelewa kwa lugha gani? Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa kuwa jambo linaweza kurekebishwa na halirekebishwi. Mtoto wa Bunia anaongea Kiswahili nyumbani, au Kilendu, Kihema, Kialur, Kilingala, na anasoma shule kwa Kifaransa. Gemu alizonakili nyingi ni matoleo ya Marekani, kwa Kiingereza. Kwenye gemu ya mpira au ya kupigana hilo halina uzito. Kwenye gemu ya kuigiza, ambapo mzee wa kijiji anakuambia neno moja linaloonyesha mlango, lugha ndiyo gemu yenyewe. Filamu zilipofika Afrika Mashariki kwa lugha za mbali zilipata wakombozi: Lufufu Tanzania, DJ Afro Kenya, VJ Jingo Uganda, watu waliosimama kati ya picha na watazamaji wakaifanya hadithi kuwa yao. Gemu hazikumpata mtu huyo, kwa sababu filamu inamsubiri mfasiri na gemu inamsubiri mchezaji.

Dawa ndogo iko, nayo haigharimu kitu. Matoleo ya Ulaya ya gemu nyingi za PlayStation 2 na PSP yana Kifaransa ndani, pamoja na Kijerumani, Kihispania na Kiitaliano. San Andreas ya Ulaya ina maandishi ya Kifaransa. Gemu moja inaweza kulala kwa miaka kwa Kiingereza na ikaamka kwa kubadilishwa na nakala ya Ulaya ya gemu hiyohiyo. Vibanda vya kunakili vingeweza kulifanya hili kuwa desturi, viziweke za Ulaya mbele, na kijana wa darasa la mwisho la sekondari angejikuta anasoma Kifaransa kingi zaidi ya kile anachosomewa ubaoni.

Tusisahau pia chombo ambacho kila mtu anakiona na hakihesabu, yaani televisheni. Ni ya nyumba. Tangu mwisho wa 2017, mapigano ya Djugu yalipowafukuza watu kutoka vijijini, familia nyingi za Bunia zimepokea ndugu zao, na sebule ya watu sita imekuwa ya watu kumi na wawili. Jioni kuna habari, kuna tamthilia, kuna mpira wenyewe. Konsoli inasubiri hadi watu walale, na wakilala kelele hairuhusiwi. Ushauri wa kujitengea saa moja ya gemu kila jioni unamfaa mtu mwenye chumba. Mwenye sebule ya wote anahitaji gemu ambayo sebule yote inaitazama: mmoja anashika pedi, mwingine anasoma maandishi kwa sauti, wadogo wanaonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Gemu za hadithi zinastahimili kutazamwa hivyo kuliko watu wanavyofikiri, na mama anayetaka kujua kama yule binti wa hadithi alimpata baba yake atakuwa wa kwanza kuuliza kesho kama tutaendelea.

Nasema hivi nikijua hofu ya wazazi. Mei 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha orodha mpya ya magonjwa ambamo ulevi wa gemu unatambuliwa rasmi, na orodha hiyo ilianza kutumika Januari 2022. Hofu hiyo ina msingi kwa mtoto anayekaa ukumbini saa za shule. Lakini ulevi unaotajwa pale unakua vizuri zaidi kwenye gemu zisizo na mwisho. Kumaliza hadithi moja na kuweka pedi chini ni tabia ya kinyume chake, na mzazi anayemsaidia mwanawe kumaliza gemu amemsaidia kuachana nayo.

Basi mtu aifanye nini diski yake? Mimi ningeanza kwa kuondoa gemu zinazodai seva kila zinapofunguliwa, kwani hizo hazina mwenyewe hapa na huenda kesho zikawa maganda. Kisha ningezitenga zile ambazo lugha yake hainiingii, nikizitafutia nakala ya Ulaya kabla ya kuzihukumu. Zinazobaki ningezijaribu kila moja kwa saa moja, jicho likiwa kwenye saa: nimeweza kusevu baada ya dakika ngapi? Zile za dakika 10 au 15 ni za miezi ya shule. Zile ndefu zenye kusevu kwa nadra zingengoja Julai na Agosti, likizo kubwa, wakati mtu anaweza kucheza mchana jua likiwa kali, paneli ikilisha moja kwa moja na betri ikibaki imejaa kwa ajili ya usiku wa familia. Moja kwa likizo, isizidi. Kadi ya kumbukumbu ningeiandika jina kwa wino, na ya ukumbi nisingeiamini kwa sevu ya siku mbili.

Nyingine zote, ambazo kwa hesabu ya kweli sitazigusa, nisingezifuta. Ningezigawa. Diski mia mtaani zenye gemu zilezile mia ni upotevu wa nafasi na hazimlindi mtu dhidi ya chochote. Nyumba kumi zikikubaliana kwamba kila moja inatunza gemu kumi vizuri, na nakala moja ya pili kwa jirani, mtaa una akiba ileile kwa sehemu ndogo ya flashi, na juu yake una kitu ambacho diski haikuwa nacho: mtu anayejua. Anayeitunza Final Fantasy X atakuwa ameimaliza, na atakuambia usiende mlimani kabla hujasevu.

Na gemu mpya zikianza kufika, ningependa ya kwanza iwe Tales of Kenzera: ZAU, iliyotoka Aprili 2024. Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliitengeneza na studio yake ya Surgent kwa uchungu wa kumpoteza baba yake, akaijenga juu ya masimulizi ya watu wa Kibantu, na ndani yake unaweza kuchagua wahusika wote waseme Kiswahili. Haizidi sana saa 10. PlayStation 4 haiwezi kuicheza, na mashine zinazoiweza ni chache kwetu, lakini Switch ni mojawapo, nayo ina betri yake na hulala papo hapo ukiibonyeza. Nyumba moja ya Bigo ikiipata kwa halali, kwa mchango wa wote, ifungue madirisha na kuongeza sauti.